Somo Lililoingia Nyumba ya Eda

Mwenzangu, nakuandikia kama niliyekaa nawe jikoni, mlango umerudishwa, birika la chai liko kati yetu na hakuna wa kutukatiza ila watoto. Haya nitakayokwambia sikuyasema kwenye ile hafla ya kuniaga. Pale kulikuwa na maikrofoni, na mimi nikishikishwa maikrofoni husema maneno ya watu wengine.

Nimeacha kazi, ndiyo. Wanangu wananicheka: "Mama, mstaafu gani huyu ambaye hana hata mvi?" Mvi ninazo, ziko chini ya mtandio, na kila moja naijua imetokana na kisanduku gani cha masomo. Lakini mamangu ni mgonjwa huko Tudor, ataka mtu wa kushinda naye mchana kutwa, na mtu huyo ni mimi. Basi kompyuta nimeirudisha, funguo nimekabidhi, na sasa nawaandikia nyinyi mliobaki mkitengeneza masomo ya simu. Vyeo sitaviandika. Vyenyewe vilikuwa vikibadilishwa jina kila akija mfadhili mpya, na kazi ikibaki ile ile.

Mimi shule niliiacha mapema nikaolewa. Nilirudi kusoma ngumbaru, jioni, nikiwa na mtoto pajani na kalamu mkononi, na aliyenifundisha ni Mwalimu Khadija. Mwanamke mfupi, mkali, haongezi chumvi kwenye sifa. Nilipomaliza kidato cha nne nikajifunza na kompyuta, pia jioni. Siku moja akaniita kwenye ofisi yake mpya huko Tudor, ghorofani juu ya duka la mahamri, akanipa simu na kusema, "Sikiliza haya masomo. Ukipiga miayo, niambie ni wapi."

Nikasema bismillahi, nikabonyeza. Nilipiga miayo kabla msomaji hajamaliza kutaja jina la somo.

"Hapa," nikasema.

Jamaa mmoja aliyekuwa ameinamia kompyuta kwenye kona akageuka. "Hiyo ni sauti yangu."

"Pole, kaka. Lakini mbona wasoma kama watangaza ajali?"

Mwalimu Khadija alicheka mpaka akavua miwani. Kazi nikaipata hapo hapo, na yule jamaa, Kazungu, akawa mwenzangu kwa miaka yote iliyofuata. Kazungu ni Mgiriama wa Kaloleni, Mkristo wa kanisani kila Jumapili, ndiye aliyekuwa akitengeneza programu zetu zote. Nyakati za sala alizijua kuliko mimi. Kikao kikirefuka yeye ndiye aliyekivunja, akiniambia: "Mama Swafiya, maliza hoja yako, adhuhuri hiyo."

Mpango wetu ulikuwa hivi. Wanafunzi wengi walikuwa kina mama wanaosomea ualimu wa chekechea huku wakipika, wakilea na kufundisha. Bando la kusomea kwa mtandao hawalimudu. Basi masomo tukayatia kwenye visanduku, kila kimoja kikubwa kama mche wa sabuni, tukavitawanya mjini: kimoja madrasa ya Bondeni, kimoja Liwatoni kwenye chumba cha kina mama wauza samaki, kimoja Tudor chini ya ngazi zetu. Ukipita karibu na kisanduku, simu yako inachukua masomo mapya na kuacha majibu yako. Ukifika nyumbani unasoma, mtandao uwepo usiwepo. Kazi yangu mimi ilikuwa kupanga: somo liwe refu kiasi gani, lisemwe na nani, lipite njia gani mpaka limfikie mtu. Kwenye karatasi ulikuwa mpango safi kabisa.

Kisanduku cha Liwatoni kikawa kinazima kila mchana. Kazungu akabadilisha waya, akabadilisha chaja, akakaribia kubadilisha kazi. Nikaenda mwenyewe, nikakuta paka wawili wamelala juu yake, wameshiba samaki na wamepata pa kuota joto. Nikampigia simu.

"Kazungu, kisanduku chachemka."

"Umejuaje? Una kipimajoto?"

"Ninavyo viwili. Kimoja cheupe, kimoja cha madoa."

Tukakitia ndani ya mkebe wa plastiki wa kuwekea mchele, tukautoboa matundu kwa msumari wa moto, tukautundika ukutani paka wasikofika. Kikapumua. Waya nazo huku pwani huliwa na chumvi, kwa hivyo zibadilisheni kabla hazijakatika, si baada. Hilo liandikeni ukutani.

Taabu nyingine ilitoka Bondeni. Kisanduku kilituambia kuna mwanafunzi wa ajabu, Mama Fatma: Jumatatu ajua kila kitu, Jumanne hajui hata herufi. Mwalimu Khadija akadhani ni ugonjwa. Nikaenda kumuona.

"Jumatatu ni mimi," akasema Mama Fatma. "Jumanne ni wifi yangu. Na Jumatano ukiona mtu amejibu ovyo ovyo, huyo ni mume wangu, usimhesabu."

Ofisini tulikuwa tumeamini simu moja ni mtu mmoja. Mji wa Kale na Bondeni, simu ni ya nyumba. Tukaweka maua mwanzoni mwa programu, kila mtu aguse ua lake ndipo asome. Asumini liligombaniwa mpaka Kazungu akachora asumini za rangi tatu, na mimi nikamwambia asumini la buluu Mwenyezi Mungu hakuliumba, naye akasema basi ni la Jumatano, la mume.

Lakini nililokaa kuandika hasa ni habari ya Zuhura.

Zuhura alikuwa akifundisha watoto wadogo kwenye chekechea iliyo ubavuni mwa ile madrasa ya Bondeni, na akikaa Kibokoni, ndani ya Mji wa Kale, na mumewe, watoto wao wawili na mavyaa wake, Bi Mwanakombo, mama wa mumewe. Kamati ya chekechea ilikuwa imesema wazi: muhula ujao darasa atapewa mwenye cheti. Zuhura alikuwa amebakisha masomo machache na mtihani wa kufundisha. Mumewe akafariki ghafla, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Eda ikaanza. Mjane akaa nyumbani kwake muda aliowekewa na Mola wake, hajipambi, hajitii manukato, hazunguki. Na kozi ilikuwa inafungwa katikati ya eda. Akiikosa, darasa laenda kwa mwingine, na yeye sasa ndiye baba na ndiye mama wa wale watoto. Na kisanduku kiko Bondeni, yeye yuko Kibokoni, hatoki.

Ofisini Kazungu akainuka mara moja. "Nampelekea kisanduku chake. Nakifunga ukutani, dakika chache nimetoka."

"Utaingilia wapi?" nikamuuliza.

"Mlangoni."

"Kwa mjane aliye edani?"

Akafikiri. "Dirishani?"

"Kazungu!"

Mwalimu Khadija akatazama dari, nafikiri akiomba subira.

Nilipokuwa natawadha ndipo wazo liliponijia. Mjane wa kwetu haachwi peke yake. Kila siku wanawake huja kukaa naye: mashoga zake, majirani, mama wa watoto anaowafundisha. Na hao mama wa watoto asubuhi wamepita Bondeni kupeleka watoto wao, simu mkobani, karibu kabisa na kisanduku. Nikamwambia Kazungu, "Somo libebwe na wageni." Akakaa siku kadhaa bila kusema na mtu, akatoka na kitu kizuri: simu ikipita Bondeni inachukua kifurushi cha Zuhura kilichofungwa, ikifika Kibokoni simu kwa simu zapeana, na majibu yarudi kwa njia ile ile. Aliyebeba hawezi kukifungua. Amebeba tu, kama mtu aliyetumwa sahani iliyofunikwa kwa kawa.

Ilikwenda vizuri. Majibu yakawa yanakuja, mazuri. Halafu yakakatika.

Nikaenda Kibokoni. Nilipopiga hodi nikakaribishwa na Bi Mwanakombo mwenyewe, mwanamke mrefu, leso mbili, sauti ya kusikika hadi barabarani. Tukaamkiana, tukaulizana hali za nyumba zote mbili, tukamuombea marehemu. Kisha akaingiza mkono chini ya leso, akatoa simu ya Zuhura.

"Wewe ndiwe mwenye mambo haya?"

"Ndimi, Bi Mwanakombo."

"Basi kaa vizuri. Mwanangu hata kaburi halijakauka. Watu waja kumpa mkono mkewe, wamkuta amejitia vidude masikioni, yuwatabasamu peke yake. Waniuliza, 'Bi Mwanakombo, mkazamwana wako yuwazungumza na nani?' Niwajibu nini mimi?"

Zuhura alikuwa amekaa kwenye mkeka, uso chini. "Mama, nimekwambia ni somo."

"Somo gani la kuchekesha?"

Hapo nikaelewa. Tulikuwa tumeipanga programu isitoe sauti mpaka mtu avae vidude vya masikioni, ili asiwasumbue wa nyumbani. Ofisini tuliona ni adabu hiyo, kumtunzia mtu siri yake. Katika nyumba ile, kitu anachokisikia mmoja tu ndicho kinachotiliwa shaka. Na jina la mjane likishachafuka, cheti hakilisafishi.

Nikampigia Kazungu, akanielekeza mpaka nikaifungua sauti. Nikaweka simu juu ya stuli, katikati ya chumba. "Bi Mwanakombo, sikiza mwenyewe alichokuwa akicheka."

Lilikuwa somo la kuwasimulia watoto wadogo hadithi, na ndani yake mna mbuzi aliyepotea. Sauti ya mbuzi aliitoa Kazungu, kwa kuwa hatukuwa na mbuzi. Mbuzi akalia.

Bi Mwanakombo akakunja uso. "Huyo ni nani?"

"Ni mbuzi."

"Huyu? Huyu ana pumu."

Tukacheka kidogo, kwa adabu. Yeye hakucheka. Akajiweka sawa, akainua kidevu, na wallahi akalia kama mbuzi wa Idi aliyefungwa uani, mpaka Nuru, binti mdogo wa Zuhura, akatoka mbio chumbani kumtafuta. Zuhura akaziba mdomo kwa leso. Bi Mwanakombo mabega yakaanza kutikisika, akacheka, akacheka, kisha kicheko kikageuka machozi. Zuhura akasogea, akamlaza mavyaa wake begani. Mmoja alikuwa amezika mume, mwingine amezika mwana, na nadhani tangu siku ya mazishi walikuwa wakilia vyumba mbalimbali.

Alipojifuta uso akasema, "Itasomwa kwa sauti. Hapa hapa. Mwenye kutaka kujua yuwazungumza na nani, na akae kitako asikize."

Wakakaa kweli. Nilipata habari kwamba wageni walikuwa wakija na mapema wasipitwe na mwanzo, na kwamba mbuzi wa Kazungu alikuwa akinyamazishwa kila siku ili Bi Mwanakombo alie mahali pake.

Ukabaki mtihani. Mwanafunzi hujirekodi akifundisha watoto, rekodi hufika ofisini, na msahihishaji wetu, mwanamume mmoja mwenye haki sana, huisikiliza na kutoa alama. Zuhura akaniambia taratibu, bila hasira: "Dada, kila kitu nitafanya. Lakini sauti yangu, nami niko edani, iende ikasikizwe na mwanamume nisiyemjua, hapana. Kama ni hivyo, darasa na liende."

Na alimaanisha. Sikumbishia. Sauti ni yake na eda ni yake.

Nikarudi kwa Mwalimu Khadija. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Kanuni ni moja kwa wote. Rekodi zote zaja hapa, zasikilizwa na mtu yule yule. Ndiyo haki."

"Mwalimu, masomo tumeyatawanya mji mzima. Mbona hukumu tumeifungia chumba kimoja?"

"Kwa sababu jirani atamwonea haya. Atampa alama zote na sahani ya biriani juu yake."

"Basi tusimuulize jirani kama somo lilikuwa zuri. Tumuulize alichokiona. Kila mtoto alisema? Aliwaita kwa majina? Mtoto alipokosea, alimngoja? Ndiyo au hapana. Wakae wanawake wawili, kila mmoja na upande wake, wasinong'onezane. Majibu yao ndiyo yasafiri. Sauti ibaki nyumbani."

Kazungu akawa anajifanya anafuta kompyuta vumbi.

"Wa kwanza nani?" akauliza Mwalimu Khadija.

"Yule jirani yake, mwalimu wa mtaa wa pili aliyemaliza kwetu mwaka jana."

"Na wa pili?"

"Wewe."

"Mimi? Na magoti haya, na zile ngazi za Kibokoni?"

"Nitakushika mkono."

Tukaenda. Ukumbi ulikuwa umefagiliwa, watoto wa mtaa wamekaa duara kwenye mkeka, Nuru miongoni mwao. Zuhura alivaa nguo zake za eda, hana wanja, hana hata pete, na alifundisha vizuri mno. Nilikuwa mlangoni nikisoma dua moyoni. Ilipokwisha, kila msimamizi akabonyeza majibu yake. Nikayatazama pamoja na Zuhura. Penye swali la kila mtoto kupata kusema, Mwalimu Khadija ameweka hapana. Na yule jirani, ambaye yeye na Zuhura wamekua pamoja na wamelishana futari maisha yao yote, naye ameweka hapana.

Bi Mwanakombo akasimama. "Mwamfelisha mjane ndani ya nyumba yake? Na chai yangu mmekunywa?"

"Chai ilikuwa nzuri, Bi Mwanakombo," akasema Mwalimu Khadija. "Jibu ni hapana."

"Khadija, wewe moyo wako wa jiwe tangu tuko watoto chuoni!"

"Mama," akasema Zuhura. "Mama, wasema kweli. Nuru aliinua mkono tangu mwanzo. Nilimruka. Nilichelea wasije wakasema nampendelea mwanangu."

Kila mtu akamtazama Nuru, ambaye alikuwa akila kaimati na kuona sawa tu. Bi Mwanakombo akakaa chini polepole. "Mtoto amekosa baba," akasema, "sasa akose na zamu?" Hapo hakuwa akimsema Khadija tena.

Kanuni yetu iliruhusu kurudia mara moja, na siku ya mwisho ilikuwa kesho yake. Mwalimu Khadija, magoti na yote, akazipanda zile ngazi tena. Safari hii Zuhura alizunguka duara zima. Alipofika kwa Nuru akamuuliza mbuzi alikwenda wapi. Nuru akafikiri, akasema, "Alikwenda kumtafuta babake." Zuhura angeweza kusimama hapo, na hakuna ambaye angemlaumu. Akamwambia mwanawe, "Vyema. Na njiani alimkuta nani?" Wakaendelea.

Majibu yote yakawa ndiyo, kwa wote wawili. Mwalimu Khadija alipoteremka ngazi simu yake ikiwa imebeba kile kifurushi, aliushika mkono wangu kwa nguvu, akaniambia nisiseme naye mpaka Tudor.

Kamati ya chekechea ikawa na neno la mwisho. Zuhura amepata cheti, lakini muhula unafunguliwa yeye bado yuko edani. Darasa haliwezi kungoja, wakasema. Bi Mwanakombo akavaa buibui lake, akaenda Bondeni mwenyewe. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nafuta kisanduku vumbi, kwa makusudi kabisa.

"Mlisema mwenye cheti," akawaambia wazee wa kamati. "Mwenye cheti ni mkazamwana wangu. Eda nyinyi ndio mnaotufundisha kila Ijumaa, basi sasa iheshimuni. Mwalimu wa mtaa wa pili atalishika darasa mpaka Zuhura atoke. Nimekwisha sema naye, amekubali."

"Bi Mwanakombo, hili ni jambo la kamati."

"Nami nimekuja kwa kamati. Au niende nikakae kwa wake zenu?"

Wakakubali kabla sijamaliza kufuta upande mmoja.

Tangu hapo hatukurudi nyuma. Sauti za wanafunzi hubaki walipo, wanaosahihisha ni watu wa karibu walioulizwa walichokiona, na programu huanza kwa kumuuliza mtu ataka kusikia peke yake au na wenzake. Mkiambiwa na mtaalamu yeyote kwamba ni rahisi zaidi kurudisha kila kitu ofisini, mwambieni ndiyo, ni rahisi. Kisha msirudishe.

Ombi langu kwako ni hili. Mtu mpya akiingia kazini, siku ya kwanza atataka kuonyeshwa programu. Usimwonyeshe bado. Mkalishe, mpe chai, umsimulie habari hii yote, naye umwachie amsimulie atakayekuja baada yake, kwa maana mimi sitakuwepo na Kazungu husimulia vibaya. Na huyo mgeni akikuuliza kama Zuhura alilipata darasa lake, usimjibu. Mtume Bondeni asubuhi, apite nje ya dirisha la chekechea, asikize watoto wanavyoitwa mmoja mmoja, na wanavyoitikia.